Msiseme amepumzika, alikuwa na mashine tatu hazijaisha

Siku tunamzika mjomba, Julai 2018, kuna mzee mmoja wa mtaani kwetu Newala alinishika mkono akautikisa taratibu akasema "pole baba, kijana amepumzika". Wa nyuma yake naye akasema hivohivo, na wa nyuma yake, mpaka lile neno nikawa nalisikia kama mtu anagonga msumari mahali palepale. Najua hawakuwa na nia mbaya, ni neno la msiba, mtu akiugua muda mrefu ndo linalosemwa, na mi mwenyewe nimeshawaambia wengine. Ila siku ile macho yangu yalikuwa pale chini ya mwembe wa bibi ambapo mashine tatu za kupulizia mikorosho zilikuwa zimekaa juu ya turubai, moja kabureta imefunguliwa, nati zake ndogondogo zimepangwa kwenye kifuniko cha ndoo kwa mpangilio anaoujua yeye tu, na hakuna aliyethubutu kuzigusa. Mtu aliyeacha kazi imefunguliwa hivo hajapumzika. Amekatishwa.

Nimekaa na hili muda mrefu bila kuliandika. Naandika leo kwasababu nimegundua wadogo zangu waliozaliwa nyuma wanamjua kama "yule mjomba aliyekuwa anaumwa", basi, ndo wasifu wake wote, na hilo linaniuma kuliko hata kifo chenyewe.

Sasa niwaeleze huyu mtu alikuwa nani kwangu. Alikuwa kitinda mimba wa bibi, mdogo wake mama, amezaliwa 1991 na mi 1994, kwahiyo kwa umri ni kaka yangu kabisa ila kwa ukoo ni mjomba, na anayetoka kusini anajua mjomba ni nani. Kwetu Wamakonde ukoo unafata upande wa mama. Mjomba ndo anakupeleka jandoni, mjomba ndo anaitwa ukitaka kuoa, mjomba akikukataza kitu hata baba yako anafikiria mara mbili. Mama alikuwa anafanya kazi Mtwara mjini, mi nikalelewa na bibi Newala, tukalala kitanda kimoja cha kamba mimi na mjomba wangu mpaka nilipokuwa darasa la sita. Yeye akiniita "mjomba" na mi namwita "mjomba", watu wageni wakitusikia walikuwa wanashangaa watoto wawili wanaitana ujomba kama wazee wa baraza.

Kabla yake bibi alishazika watoto wawili, wote hawakufika miaka mitano. Watu walisema mengi, kwamba nyumba ina mkono wa mtu, kwamba babu aliwahi kugombana na fulani kuhusu shamba, na bibi aliambiwa mengine ambayo sitayaandika hapa. Mjomba alipozaliwa alikaa vizuri miezi kama saba hivi halafu viganja na nyayo vikaanza kuvimba, mtoto analia usiku kucha ukimgusa tu vidole, na bibi anasema alipoona ile mikono imevimba alikaa chini akajiambia huyu naye anaondoka, maana wale wawili walianza hivohivo.

Hakuondoka. Miaka tisa alitibiwa malaria. Kila maumivu yakija anapelekwa zahanati anapimwa anaambiwa malaria, au taifodi, au malaria na taifodi kwa pamoja, na pengine kweli wakati mwingine ilikuwa malaria, sikatai, lakini macho yalikuwa ya njano mwaka mzima na tumbo limejaa upande wa kushoto na hakuna aliyeuliza kwanini. Shuleni watoto walimwita Macho Papai. Mwaka 2000 hali ilikuwa mbaya sana, mjomba mkubwa akauza mbuzi wakamshusha kwa lori la mizigo mpaka hospitali ya chini huko, na daktari wa pale ndo akachukua damu akaiangalia kwa darubini akamwambia bibi mwanao ana selimundu.

Daktari alimwelezea vizuri, bibi mpaka leo anaweza kukurudishia maneno yale. Chembe nyekundu za damu za mtu wa kawaida ni duara, laini, zinapita popote, za huyu mtoto zinajikunja kama mundu, zinanasa kwenye mishipa midogo, damu haipiti, ndo yale maumivu. Na hazikai, chembe ya kawaida inaishi siku kama 120, yake siku 10 mpaka 20 imekufa, ndo maana damu haitoshi, ndo maana macho njano. Akamwambia pia hii haitoki kwa mchawi, mama, inatoka kwa baba na mama wote wawili, kila mmoja kabeba nusu bila kujua na wala haumwi, na kila mimba mnayopata kuna nafasi 1 kati ya 4 mtoto achukue zote mbili.

Bibi aliporudi nyumbani alichukua mundu uliokuwa unaning'inia jikoni, ule wa kukatia majani, akaupandisha darini. Miaka yote niliyoishi pale hatukuwahi kukata majani kwa mundu, tulikata kwa panga, na sikuwahi kuuliza. Nimekuja kumuuliza nikiwa mtu mzima akaniambia hakutaka mwanae akae anaangaliana nao.

Kitu ambacho mi nakuja kukielewa sasa hivi ni kwamba watu wa kwetu huku wanaobeba nusu ni wengi kwasababu ile nusu inamkinga mtoto na malaria kali. Yaani kilekile kilichowafanya babu na bibi wapone malaria utotoni wakafika uzeeni ndo kilichowakutanisha wakamzaa mjomba. Inakadiriwa Tanzania watoto kama 11,000 wanazaliwa na selimundu kila mwaka. Nikiisoma hiyo namba najua watatu walitoka kwenye nyumba moja ya tofali za udongo pale Newala na wawili hawakuwahi hata kujua wanaumwa nini.

Daktari aliandika masharti: anywe maji mengi, kila siku, asisubiri kiu. Asipate baridi. Ajikinge na mbu. Vidonge vya foliki. Asichoke sana.

Sasa ambaye hajafika Newala hawezi kuelewa hayo masharti mawili ya kwanza yalikuwa na maana gani. Newala iko juu ya uwanda, mchanga mtupu, mvua ikinyesha inazama, mto hamna, kisima cha kuchimba kwa mkono hamna. Maji yanasukumwa kwa mashine kutoka bondeni kule Mitema mpaka juu, ni mradi wa miaka mingi sana, na mashine ikiharibika au umeme ukisumbua mnakaa siku nyingi mnaangaliana. Wenye bati walijenga visima vya saruji chini ya ardhi vya kukingia mvua, wenye nyasi kama sisi wakati huo tulinunua kwa ndoo kwa watu wa baiskeli. Nakumbuka kipindi cha Septemba Oktoba bibi akinunua ndoo mbili, moja anaifunika anaweka chumbani kwake, hiyo ni ya mjomba, na sisi wengine wote kuoga kupika kufua ni ile nyingine. Hakuna aliyelalamika. Mjomba ndo alikuwa analalamika, alikuwa anakuja usiku na kikombe anatuamsha mimi na binamu zangu tunywe "maji ya mgonjwa" kwa siri, na bibi asubuhi akiona ndoo imeshuka anafurahi anasema mwanangu leo amekunywa vizuri.

Na baridi. Watu wa Mtwara mjini na Lindi huwa wanabisha mkoa wetu hauna baridi, wapande Newala mwezi wa sita na wa saba, asubuhi ukungu umefunika mikorosho huoni mtu wa hatua kumi, kule Shimo la Mungu ukisimama ukingoni huoni bonde la Ruvuma, unaona weupe tu kama umesimama mwisho wa dunia. Miezi hiyo miwili ndo ilikuwa ya mjomba kuumwa. Alikuwa analala na chupa za maji ya moto za plastiki kwenye magoti, mi kazi yangu usiku ni kubadilisha yakipoa. Hakuwa analia kwa sauti. Alikuwa anahesabu, moja mpaka mia halafu anarudi nyuma mia mpaka moja, kwa kunong'ona, na mi nilijifunza kuhesabu kurudi nyuma kabla sijaanza shule kwa kumsikiliza yeye.

2003 ukafika wakati wetu wa jando. Tulitakiwa twende wote, yeye alikuwa 12 tayari amechelewa, mi 9. Bibi akakataa katakata mjomba asilale porini, likizo ya mwezi wa sita, baridi ile, mjomba mkubwa akasema mtoto wa kiume asipoingia atakuwa nani, wakagombana siku mbili tunawasikia ukutani. Mwishowe mjomba akapelekwa hospitali akatahiriwa kwa daktari, akarudi nyumbani siku ileile kakaa kitandani peke yake, na mi nikaenda na wenzangu. Fikiria, yeye ndo mjomba. Yeye ndo alitakiwa siku moja anipeleke.

Nilipotoka, tumenyolewa, tumevishwa nguo mpya, ngoma inapigwa mtaa mzima, nikamkuta amekaa kwenye kigoda mlangoni anatabasamu na ananipigia makofi kama wengine. Usiku tukalala. Akaniambia kwa sauti ndogo, "mjomba, nifundishe". Mambo ya jandoni hayasemwi kwa asiyeingia, hilo ndo la kwanza unalofundishwa na unatishwa nalo sana, nilikuwa na miaka tisa na niliogopa kweli. Nikamfundisha yote. Ilichukua kama wiki mbili, kila usiku kidogo, nyimbo na maana zake na majibu yake, kwa kunong'ona chini ya blanketi, na alikuwa anashika haraka kuliko mimi, pale nilipokosea alikuwa anasikia kwamba wimbo umekatika vibaya ananiambia rudia hapo. Sijawahi kujuta. Kama kuna mzee wa kwetu anasoma hapa na amekasirika, nakubali kosa, lakini yule hakuwa mtu wa nje.

Sikio lake, hapo ndo pa kuanzia.

Shule alisoma kwa kukatikakatika, mwezi yupo mwezi hayupo, akamaliza kidato cha nne 2009 na matokeo hayakuwa mazuri na hakuna aliyeshangaa. Mjomba mkubwa akawa anasema huyu tumtunze tu, akae nyumbani. Kutunzwa ndo kitu alichokuwa anakichukia kuliko kuumwa. Alishaanza na redio muda mrefu, redio za watu za mkulima zinazokoroma, halafu siku moja jirani akaleta mashine ya kupulizia imekataa kuwaka akamwambia jaribu tu, ikishindikana naenda kuuza chuma chakavu.

Kwa asiyejua, mkorosho usipopuliziwa unapata ubwiri unga, ule ugonjwa unaofunika maua na majani machanga unga mweupe kama mtu kamwaga sembe, maua yanakauka, korosho hamna. Kwahiyo kuanzia mwezi wa tano mpaka wa nane huku kwetu kote, Newala, Tandahimba, Masasi, alfajiri upepo ukiwa umetulia unasikia mashine zinanguruma mashambani na lile vumbi la salfa la njano limetanda juu ya miti. Mashine unaibeba mgongoni, ina injini ndogo kama ya pikipiki, inakunywa petroli iliyochanganywa oili. Ikifa wiki moja katikati ya msimu umepoteza hela ya mwaka mzima, ada za watoto, bati, kila kitu. Huyo mwenye mashine anakuja kwa fundi saa kumi na moja alfajiri na macho mekundu.

Na fundi alikuwa mjomba. Ile ya jirani aliiwasha siku ya tatu. Mwaka uliofuata zikaja sita, halafu ishirini, mpaka watu wakawa wanatoka Kitangari na Tandahimba wamezifunga nyuma ya bodaboda. Alikuwa haifungui mashine haraka. Anasema vuta kamba, unavuta, inakohoa inazima, anasema tena, anainamisha kichwa anaweka sikio karibu na injini amefumba macho, halafu anamuuliza mwenyewe, "huyu mgonjwa ameanza kukohoa lini?" Alikuwa anaziita wagonjwa. "Anakula vizuri?" maana yake petroli inafika. "Usiku analala wapi?" maana yake unaiacha nje kwenye umande au unaiingiza ndani. Kama plagi imejaa masizi anajua kwa sauti, kama ringi zimechoka anajua kwa sauti, na akishakwambia ndo anafungua na unakuta ni hivohivo. Watu wakacheka mwanzoni kwamba mgonjwa anatibu wagonjwa, halafu baada ya misimu miwili hakuna aliyecheka tena wala aliyemwita mgonjwa, walimwita Fundi, hata watoto wa mtaani, hata imamu.

Ila angalieni kalenda. Msimu wa mashine kuharibika ni mwezi wa tano mpaka wa nane. Msimu wa mwili wake kuharibika ni huohuo. Kila mwaka hivo. Alikuwa anakaa pale chini ya mwembe na koti la kijani la mtumba linalofika magotini, glavu za sufi amekata ncha za vidole ili ashike nati, jiko la mkaa pembeni, chupa ya maji ya lita moja na nusu kila upande. Siku mbaya bibi anambebea mkeka anafanya kazi amelala ubavu. Kuna siku namkumbuka amefunga kabureta anahesabu kwa kunong'ona, thelathini na mbili, thelathini na moja, thelathini, na mwenye mashine kakaa pale anadhani fundi anahesabu nati.

Alikuwa na daftari kubwa la jalada gumu, kila mashine ina mstari wake, tarehe, jina la mwenyewe, ugonjwa, dawa, bei, amelipa hajalipa. Pembeni ya baadhi ya tarehe kuna nukta nyekundu. Nilidhani ni wadaiwa. Tulipolikagua baada ya msiba ndo tukaelewa, nukta ni siku alizokuwa anaumwa. Julai 2016 ina nukta kumi na tisa na mashine kumi na moja.

Kulikuwa na binti. Sitaandika mengi maana yupo na ana maisha yake na watoto wake, lakini niseme hili moja kwa heshima yake mjomba: alimwambia ukweli wote kabla ya kumwambia anampenda, akamwomba akapime kwanza, akamweleza kama hujabeba watoto wetu wote watabeba nusu na hawataumwa, kama umebeba basi kila mtoto ni nusu kwa nusu. Binti alipima. Kwao ndo walikataa, na hata hawakutaka kusikia majibu yalisemaje. Mjomba alikaa wiki nzima hafungui mashine ya mtu, halafu akafungua.

Msimu wa 2017 korosho zilipanda bei ambayo hatukuwahi kuiona, mnadani kilo ilivuka 4,000, kusini nzima ilikuwa na hela, pikipiki mpya kila kona. Na watu wakiwa na hela wanalipa madeni. Mjomba akakusanya miaka yote ile iliyokuwa kwenye daftari, akaongeza ya mikorosho yake michache aliyopewa na babu, na hakununua pikipiki. Aliezeka nyumba ya bibi bati, akaweka mifereji kuzunguka nyumba nzima, akaleta simtanki la lita 5,000 kwa lori, akalikalisha kwenye msingi wa saruji alioujenga mwenyewe kwa wiki tatu badala ya siku mbili kwasababu mwili ulikuwa unamwambia subiri. Mvua za Machi 2018 likajaa mpaka likamwaga. Alinipigia simu usiku Mtwara mjini, mvua inapiga kwenye bati hata sauti siisikii, anapiga kelele "mjomba sikia! sikia!" na kanishikia simu kwenye mfereji. Alikunywa maji ya simtanki lake miezi minne.

Julai ilianza na kifua. Nilipanda gari Mtwara asubuhi nikapitia Tandahimba, nimefika jioni nimejaa vumbi, nikamkuta amekaa hawezi kulala, kila pumzi anaivuta kwa vipande. Usiku tukapata gari la mtu tukampeleka hospitali, siitaji ni ipi. Nilitoa damu, kundi letu lilikuwa moja, binamu naye akatoa. Mtungi wa oksijeni ulikuwa mmoja na ulikuwa kwa mtoto mchanga, na mjomba alipoambiwa akaonyesha kwa mkono kwamba muacheni mtoto. Nesi mmoja alikaa naye usiku ule wote anambadilishia mito mgongoni, sijui jina lake na namshukuru kila siku. Ila nimejiuliza sana, na nitaendelea kujiuliza, ingekuwaje kama angeanzishwa mapema haidroksiyurea, ile dawa inayopunguza hizi hali, dawa ambayo nimeijua mimi baada ya yeye kufa. Kwenye ule mkoba wake wa kliniki hakuna mahali popote imeandikwa.

Asubuhi ya tatu aliniita nisogee. Nikajua sasa ananiachia neno. Akasema, "Ile ya mzee wa Mkunya plagi usinunue mpya, watakuuzia ya bandia. Isafishe kwa msasa tu." Akapumzika kidogo akasema tena "msasa laini". Hiyo ndo ya mwisho niliyoielewa. Alikuwa na miaka 27.

Siku ya tatu ya matanga, watu wamekaa mikekani, bibi tangu azikwe mwanae hajatoa sauti wala hajala, tukaona mama mmoja mtu mzima, mtani wetu, anatoka ndani amevaa lile koti la kijani. Akaenda mpaka kwenye turubai. Akajikunja kwenye kigoda vilevile alivyokuwa anakaa, mguu mmoja mbele, akavuta mashine moja, akaweka sikio, akafumba macho, kidole juu. Kimya kabisa. Halafu akageuka kwa mjomba mkubwa kwa sauti ileile ya marehemu, "huyu mgonjwa usiku analala wapi?" Mtu wa kwanza kucheka alikuwa bibi. Alicheka mpaka kanga ikamdondoka kichwani, halafu ndo akalia, na jioni ile akala uji. Wapo wanaosema utani wa msibani umepitwa na wakati, kwamba ni kukosa adabu. Mi nilikuwepo siku ile. Lile ndo lilikuwa neno sahihi pekee kwenye msiba wote, yule mama peke yake ndo aliyemzika mtu aliyekuwa hai.

Wadaiwa wa kwenye daftari hatukuwaita. Walikuja wenyewe, si wote, ila wengi, mmoja kaleta kuku, mmoja bibi kizee kaleta sarafu kwenye kitambaa hata hazikufika nusu ya deni na mama akakataa kuzipokea, yule bibi akakasirika kweli akaziacha juu ya mkeka akaondoka. Mashine mbili nilizipeleka kwa fundi mwingine. Ya mzee wa Mkunya nilibaki nayo. Nilinunua msasa laini, nikasafisha plagi, haikuwaka, nikasafisha tena, nikavuta kamba mpaka mkono ukachubuka, siku ya pili jioni ikakohoa mara mbili ikashika, na moshi wake ukajaa uwanja mzima, na mzee mwenyewe alipokuja kuichukua alisimama anaisikiliza muda mrefu hakusema kitu, akalipa bei iliyoandikwa daftarini.

Mi nilipima baada ya hapo. Nimebeba nusu. Mke wangu naye alipima kabla hatujaoana, nilimwomba kama mjomba alivyomwomba yule binti, kwa maneno yaleyale karibu, hana. Kama hujapima na unapanga kuoa au kuolewa nakuomba nenda, nakuomba kabisa.

Mundu bibi ameshaushusha darini. Sijui ni lini, niliukuta tu umening'inia mahali pake pa zamani, umenolewa.

Na simtanki lipo. Bibi haoni vizuri siku hizi, hawezi kupanda ngazi kuchungulia maji yamebaki kiasi gani, lakini mjomba alimfundisha kugonga. Unaanza juu unashuka, konde la kidole, ko, ko, ko, pasipo na maji panalia wazi, ukifika penye maji sauti inakufa. Juzi nimempigia simu kumuuliza mvua imefikia wapi huko, akaniambia subiri, nikasikia miguu yake inaburuza uwanjani, halafu kimya, halafu ko, ko, ko, ko, na mara sauti ikafa. "Umesikia?" akaniuliza. Nikamwambia nimesikia bibi. Akasema, "Basi ni hapo, usawa wa bega langu."